Mwanga wa Mmoja, Giza la Wengi

Mwanga wa barabarani wakati wa usiku ni mali ya umma. Najua kauli hii itawashangaza wenye magari, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuamini kwamba taa ya gari ni ya mwenye gari, kama kilivyo kiti chake na redio yake. Kiti na redio hubaki ndani. Mwanga hutoka, huvuka barabara na kuingia katika macho ya mtu ambaye hakuulizwa. Ndiyo maana dola hujipa haki ya kusema taa iwake vipi, ielekee wapi na ipunguzwe lini. Dola inapoiacha haki hiyo, wenye nguvu huichukua na wanyonge huilipia. Hilo ndilo linalotokea sasa katika barabara za Nachingwea na Ruangwa, na makala hii inakusudia kulisema bila kulipamba.

Ninazungumzia globu za LED zinazouzwa kama vipuri vya kubadilishia. Gari limeundwa Japani likiwa na globu ya halojeni, ile yenye waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo. Likifika huku, mwenye gari anaona mwanga wake ni hafifu. Anakwenda dukani, ananunua jozi ya globu nyeupe zenye feni ndogo mkiani, fundi anachomoa ya zamani na kuchomeka mpya, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Noah, Probox, Hiace, Fuso za mizigo, bajaji na bodaboda, zote zimo. Anayeondoka pale anaamini ameboresha gari lake. Mimi nasema amehamisha giza: amelitoa mbele ya macho yake na kulipeleka machoni mwa mwenzake.

Kwa nini jambo hili lijadiliwe kwa kuitazama Kusini? Kwa sababu Kusini kumebadilika. Kazi ya kuweka lami katika barabara ya Nanganga, Ruangwa na Nachingwea imeibadilisha safari ambayo zamani ilikuwa ya mashimo na vumbi jekundu. Ruangwa, wilaya iliyotoa Waziri Mkuu kwa muongo mzima, imeona majengo, uwanja wa mpira na magari ambayo kizazi kilichotangulia hakikuyaota. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya zuio lililoanza katika miaka ya 1990. Msimu wa korosho unapofika, malori hupakia kwenye maghala ya vyama vya msingi na kuelekea Mtwara mchana na usiku. Mambo haya yote ni heri. Lakini lami huleta mwendo, na mwendo wa usiku hudai nidhamu ya mwanga. Mwendo umefika. Nidhamu bado iko njiani.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Taa ya mbele ya gari inaelea machoni petu kama kitu chepesi, globu ndani ya bakuli linalong'aa. Ukweli ni kwamba lile bakuli limekokotolewa kwa chanzo kimoja cha mwanga, chenye umbo moja, kikikaa mahali pamoja, na kosa la milimita chache hubadilisha kila kitu. Chukua globu ya H4, inayotumika katika magari mengi ya zamani na pikipiki nyingi. Ndani yake mna nyaya mbili: moja ya mwanga wa mbali, ule tunaouita fulu, na nyingine ya mwanga wa karibu. Chini ya waya wa mwanga wa karibu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi ya kikombe hicho ni kuzuia mwanga usiifikie sehemu ya chini ya bakuli, kwa sababu mwanga unaogonga huko huruka juu, moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja. Kikombe hicho kidogo kuliko ukucha ndicho kinachomlinda dereva wa upande wa pili.

Kuna ufundi mwingine ambao wengi hatuutambui. Japani, kama sisi, huendesha kushoto. Mwanga wa karibu wa magari yao umekatwa kwa mstari: upande wa kulia, anakotoka mwenzako, umeshushwa, upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara, umeinuliwa kidogo ili umwone mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na kibao cha barabarani. Yaani mhandisi aliyekaa mbali na Nachingwea alimfikiria mtu anayetembea pembeni ya barabara kuliko sisi tunaomjua kwa jina.

Sasa weka LED katika bakuli hilo. Badala ya waya mmoja unaotoa mwanga pande zote, una vipande bapa vilivyobandikwa katika nyuso mbili za kibao cha chuma. Umbo limebadilika, na mara nyingi mahali pamebadilika. Bakuli halina namna ya kujua kwamba mgeni ameingia. Linaendelea kuakisi kana kwamba waya bado upo. Matokeo yake ni kwamba mstari wa kukata mwanga huvurugika, mwanga hujaa karibu na bampa, hutawanyika juu na pembeni, na kule mbali, ambako dereva alitaka kuona, mara nyingi hauongezeki kama alivyodhani. Mbaya zaidi, mng'ao mwingi wa karibu huifanya mboni ya jicho lake ijibane, na jicho lililojibana huona vibaya gizani. Dereva anaona weupe mwingi mbele ya gari na kuuita uoni.

Kisha kuna uongo wa kwenye maboksi. Globu ya H4 ya kawaida hutoa takribani lumeni 1,000 kwa mwanga wa karibu. Maboksi ya LED hujitangaza kwa makumi ya maelfu. Nawaomba wanafunzi wa fizikia wanaosoma hapa wafanye hesabu hii. Hata mwanga wa rangi ile ambayo jicho la mwanadamu huiona vizuri kuliko zote hauwezi kuzidi lumeni 683 kwa kila wati, na mwanga mweupe hauwezi kufika huko. Boksi likidai lumeni 20,000 kutoka katika globu ya wati 25, linadai lumeni 800 kwa wati. Huo ni uongo ambao sheria za maumbile zenyewe zinaukataa. Bidhaa inayoweza kusema uongo wa namna hiyo waziwazi, katika nchi yenye shirika la viwango na tume ya ushindani, inatueleza jambo kuhusu taasisi zetu kuliko kuhusu mwanga.

Ongeza mzigo. Huku Kusini gari dogo ni lori la maskini. Probox hubeba magunia ya ufuta, mbaazi na korosho mpaka mkia unagusa ardhi. Tufanye hesabu nyingine rahisi. Taa iliyopangwa vizuri hushuka kwa takribani asilimia moja: kwa kila mita 10 mbele, mwanga hushuka sentimita 10. Gari lenye urefu wa mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma likididimia nyuma kwa sentimita 5 tu, pua yake huinuka kwa asilimia mbili. Mwanga uliokuwa ukishuka kwa asilimia moja sasa unapanda kwa asilimia moja. Kama taa iko sentimita 65 kutoka ardhini, mita 50 mbele ukingo wa mwanga utakuwa sentimita 115 juu ya barabara. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo linalokuja. Hapo ndipo ulipo uso wa mtoto wa shule ya msingi. Kwa halojeni hilo ni kero. Kwa LED isiyo na mpangilio ni upofu.

Mwaka jana nilikuwa katika wilaya hizi kuwasimamia wanafunzi wangu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Jioni moja, giza limekwisha kuingia, tulikuwa tukitoka Ruangwa kwenda Nachingwea kwa gari la kukodi. Mbele yetu likatokea gari kubwa la ofisi ya umma, ambayo sitaitaja, likiwa na taa nyeupe za kuongezea juu ya zile za kawaida. Dereva wetu alimpigia taa mara mbili aombe apunguze. Hakupunguza, au labda alipunguza na haikuonekana tofauti. Lilipopita, tukamkuta mzee mmoja ndani ya mtaro, amekumbatia baiskeli yake na gunia la mkaa. Alikuwa amejitupa huko mwenyewe. Tulisimama tukamsaidia kuinua mzigo. Nikamwuliza, "Mzee, hukuumia?" Akajibu, "Mwanangu, sisi tumeshazoea. Ukiona jua linakuja usiku, unaliachia barabara." Tuliporudi garini, dereva wetu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, pale mimi nilikuwa sioni kitu. Nimepita kwa kukariri."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi: kwa kukariri. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata takribani mita 22 kwa sekunde. Sekunde tatu za upofu ni mita zaidi ya 60, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira, zinazoendeshwa kwa kumbukumbu. Na macho hayalingani: kadiri umri unavyosonga, ndivyo jicho linavyochelewa kurudi katika hali yake baada ya kumulikwa. Dereva kijana mwenye taa kali hajui dereva mwenye miaka 60 anapitia nini katika sekunde zile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hapa ndipo jambo linapokuwa la kisiasa. Barabara za Nachingwea na Ruangwa usiku hazina usawa. Kuna aliye ndani ya chuma, mwenye mkanda na mwanga. Na kuna aliye nje, mwenye kandambili, jembe na tochi ya simu. Mama anayetoka mnadani, kijana wa bodaboda anayerudi na abiria wawili, mfugaji anayevusha ng'ombe, wote hao hawana globu ya kununua ili walipize. Kila mwenye gari anapoongeza ukali wa taa zake, mwenzake mwenye gari huongeza pia, kwa kujihami. Ni mashindano ya silaha, na kama ilivyo katika mashindano yote ya silaha, asiye na silaha ndiye anayehesabiwa mwisho. Tukiyaita mashindano hayo maendeleo, tumekubali kwamba maendeleo ni ya walio ndani ya magari.

Nachingwea ina historia ya kutufundisha kuhusu zana ngeni zilizochomekwa mahali pasipopimwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mvua na udongo havikupimwa ipasavyo kabla ya fedha kumwagwa. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umetelekezwa, mamilioni ya pauni yamepotea, na katika miaka ya mwanzo ya Uhuru hata reli yenyewe iling'olewa. Matrekta yale hayakuwa mabovu. Kosa lilikuwa kuamini kwamba nguvu ya mashine inatosha, kwamba mahali inapofungwa si muhimu. Anayechomeka LED katika bakuli la halojeni anarudia mantiki hiyo hiyo kwa kipimo kidogo.

Najua majibu nitakayopewa, na nayaheshimu kiasi cha kuyajibu.

La kwanza: barabara zetu ni za giza, zina mashimo na wanyama, na taa za zamani hazitoshi. Ni kweli. Lakini tujiulize kwa nini hazitoshi. Magari mengi yanayofika hapa yana umri, na plastiki ya mbele ya taa zake imekwisha kuwa ya njano kwa jua. Plastiki hiyo husuguliwa kwa msasa laini na dawa ya kung'arisha, ikarudi. Nyaya zake zimechoka na viungio vina kutu; umeme unaofika kwenye globu ya halojeni ukipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa takribani asilimia 30. Fundi anayejua kazi hupima umeme kwenye soketi kabla ya kuuza chochote. Taa iliyosafishwa, yenye waya mzima, globu halisi na mwelekeo sahihi, ingewatosheleza wengi wanaokimbilia LED. Tatizo ni kwamba kusafisha hakuna faida dukani.

La pili: LED ni teknolojia bora, hula umeme kidogo na hudumu. Sina ugomvi na LED. Gari lililoundwa kiwandani likiwa na taa ya LED lina bakuli au lenzi iliyokokotolewa kwa ajili yake, na limepimwa. Ugomvi wangu ni na uchomekaji. Mwaka 2020 Ujerumani iliruhusu kwa mara ya kwanza globu ya LED ya kubadilishia, iliyotengenezwa na kampuni ya Osram. Na iliiruhusu kwa orodha ya aina za magari ambazo taa zake zilipimwa zikiwa na globu hiyo. Gari lisilo katika orodha haliruhusiwi. Marekani nayo, viwango vyake vya shirikisho havitambui globu ya LED ya kubadilishia katika taa ya mbele iliyoundwa kwa halojeni. Hao ni watu wenye barabara zenye mistari, viakisi na taa za mitaani. Sisi wenye giza nene, tunaohitaji macho ya kila mmoja, ndio tumeamua kwamba hakuna haja ya kupima.

La tatu: unataka kuwaadhibu vijana wa bodaboda na madereva maskini. Hapana, na kwa sababu hiyo sianzi nao. Naanza na Serikali.

Magari ya umma yawe ya kwanza. Gari lenye namba za serikali likipita kijijini, ni dola inayopita, na wananchi hujifunza sheria kwa kuitazama. Maofisa wa halmashauri mnaosoma hapa mnajua nani aliidhinisha taa za kuongezea katika magari yenu na kwa fungu gani. TEMESA inayatengeneza magari haya. Isiwe kazi ngumu kuagiza kwamba hakuna gari litakalotoka karakana likiwa na taa isiyopangwa. Sitamsikiliza ofisa yeyote anayemtoza faini kijana wa pikipiki kwa taa kali huku gari lake mwenyewe limewatupa wazee mtaroni.

Pili, TBS na Tume ya Ushindani wafike madukani, kuanzia Kariakoo ambako bidhaa hizi hugawanywa. Boksi lenye takwimu zisizowezekana halihitaji maabara ya gharama. Linahitaji mtu aliyesoma fizikia ya sekondari na mwenye ujasiri wa kuliondoa rafuni.

Tatu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawapa askari mamlaka ya kukagua magari. Wiki ya Nenda kwa Usalama imekuwa kwa wengi wiki ya stika. Iwe wiki ya ukuta. Gari lisimame mita 10 kutoka kwenye ukuta mahali palipo tambarare, taa ziwashwe, na ukingo wa mwanga wa karibu upimwe kwa futi kamba: uwe takribani sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Ukuta upo kila kituo cha polisi na kila shule. Skrubu ya kurekebishia ipo nyuma ya karibu kila taa. Anayekosea apangiwe taa zake hapo hapo, bure, kabla hajafikiriwa faini.

Nne, vyuo vya VETA vifundishe upangaji wa taa kama somo lenye mtihani, na TANROADS na TARURA zikumbuke kwamba mstari mweupe wa ukingo, viakisi kwenye kona na njia ya waenda kwa miguu huongeza uoni wa kila mtu bila kumpofusha yeyote. Huo ndio mwanga wa umma. Tunapoukosa, kila mmoja hujinunulia wa kwake, na soko hutuuzia giza la jirani.

Nanyi wanafunzi wa uhandisi, mnaolalamika kila mwaka kwamba mmekosa mada za utafiti: nendeni stendi ya Nachingwea au ya Ruangwa mkiwa na kipima mwanga, futi kamba na daftari. Pimeni magari 100. Leteni takwimu ambazo hakuna mkurugenzi atakayeweza kuzikunja na kuziweka mfukoni. Wanaharakati, muulizeni mbunge na diwani wenu swali moja katika mkutano wa hadhara: taa za gari ulilokuja nalo zimepimwa lini?

Jamii hujulikana kwa jinsi inavyopishana njiani. Wazee wetu walipokutana kwenye njia nyembamba, aliyebeba mzigo mwepesi alimpisha mwenye mzigo mzito. Katika barabara zetu mpya tumeigeuza adabu hiyo: mwenye mzigo mzito ndiye anayeingia mtaroni. Sheria ya kuirejesha adabu tunayo, zana za kupimia tunazo, na ukuta upo. Kinachosubiriwa ni mtu mwenye mamlaka kukubali kuwa wa kwanza kupunguza taa.